Emérita na Pampu ya Karavani

Shangazi yangu Emérita hakosei. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na ukikaa kijijini kwetu Muheto, kwenye vilima vya Masisi, mwezi mmoja utayasikia kwa majirani pia, wengine wakiyasema kwa heshima na wengine kwa kuchoka. Akisema mvua itanyesha saa nane, watu huanua nguo saa saba na nusu. Akisema ng'ombe ana mimba, basi ana mimba, na daktari wa mifugo aliyesema hapana hurudi baada ya miezi kadhaa kumpa mkono. Mimi naitwa Francine, ni mtoto wa kaka yake, amenilea tangu nikiwa na miaka tisa, na nakiri kwamba kuishi na mtu wa namna hiyo kunataka moyo. Ukibishana naye unashindwa, na ukinyamaza anakuuliza kwa nini umenyamaza.

Hata hivyo, nikipata shida na chombo chochote kinachozunguka, kinachovuta au kinachosukuma, mtu wa kwanza ninayempigia simu ni yeye.

Alianza na ndoo. Akiwa na miaka kumi na saba aliacha shamba la viazi la baba yake, akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda kidogo cha jibini upande wa pili wa kilima, akapewa ndoo za maziwa aoshe. Mwaka wa pili pampu ya maziwa ikakwama. Fundi aliitwa kutoka mbali, akafika na njaa, akataka kula kwanza. Alipomaliza sahani yake alimkuta Emérita ameshaifungua pampu nzima, amevipanga vipande juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule vilivyotoka, na mkononi ameshika kipande cha nyasi kilichokuwa kimeziba njia. Fundi yule hakuitwa tena. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na tisa sasa, pampu na mabomba ya kiwanda ni vyake. Watu wa vilimani humletea pia pampu za mgongoni za kupulizia dawa ya viazi, naye huzipokea akinung'unika, lakini ukimtazama vizuri unaona amefurahi.

Lazima nieleze kwamba kwetu pampu ni kitu adimu. Muheto maji hayapandishwi. Yanatoka kwenye chemchemi huko juu na kuteremka yenyewe ndani ya bomba mpaka mahali pa kuchotea, na mtu anaweza kuzeeka hapa bila kujua kwamba kuna sehemu maji yanahitaji kusukumwa. Ndiyo maana mjuzi wa pampu akisema neno, hakuna wa kumbishia. Tungembishia kwa elimu gani?

Sasa karavani. Ni nyumba ndogo nyeupe juu ya magurudumu mawili, ina kitanda cha kukunja, kabati, dirisha la plastiki na sinki dogo. Aliileta mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza magonjwa ya ng'ombe. Alikuwa akiivuta kutoka malisho hadi malisho na kulala humo. Alipoondoka aliiachia parokia. Kwa miaka miwili ilifugiwa kuku. Kisha mimi nikarudi kutoka shuleni nikiwa muuguzi wa meno, nikaiona, nikaomba. Kuku walitoka, kiti cha kuegemea kikaingia, na leo hiyo ndiyo kliniki yangu. Tunakwenda nayo Kashuga, ambako wakimbizi wengi wamekaa kambini miaka na miaka, na barabara ikiruhusu tunateremka hadi Mpofi, msituni, kule Walikale.

Chini ya benchi kuna tangi la maji. Chini ya sinki kulikuwa na pampu, kitu cha ukubwa wa ngumi mbili, inayokula umeme wa betri. Ukifungua bomba inanguruma na maji yanakuja. Ukifunga inanyamaza yenyewe. Huwezi kung'oa jino bila maji. Mgonjwa lazima asukutue, vyombo lazima vioshwe, mikono yangu lazima ioshwe, na yote hayo watu mia wanakutazama kupitia dirishani.

Aliyekuwa akiivuta karavani kwa jipu ya parokia ni Bienvenu. Ana miaka thelathini na minne, mpole, mwembamba, na anaendesha akiwa ameinamia usukani, volant kama tunavyouita kwetu, kana kwamba anausikiliza. Kijiji chao walikikimbia wakiwa na nguo za mwilini tu, na sasa anaishi Kashuga na mkewe Tuyizere na watoto wanne, wa nne akiwa na wiki chache. Hana shamba. Anayekaa kwetu bila shamba anaishi kwa huruma za watu, isipokuwa awe na kazi, na Bienvenu alikuwa nayo hiyo moja.

Kazi yake ilikuwa na kanuni. Kabla ya kupanda milima tunamwaga maji yote ili karavani iwe nyepesi, na kabla ya kumwaga, dereva anazima swichi ya pampu iliyo pembeni ya kitanda. Usipoizima, pampu inajua bomba limefunguka lakini haijui kwamba tangi ni tupu, basi inazunguka tu, kavu, mpaka iungue. Kuzima swichi ilikuwa kazi ya Bienvenu.

Siku pampu ilipokufa tulikuwa Kashuga. Kwenye kiti nilikuwa na mgonjwa wa kwanza, mzee niliyekuwa nimetoka kumng'oa gego, kinywa kimejaa damu. Nikafungua bomba. Pampu ikatoa sauti nzito, ikatetemeka, ikanuka waya ulioungua, kisha kimya. Jirani wa kambini alileta maji ya uvuguvugu kwenye birika, mzee akasukutua kwenye sufuria, nami nikatoka nje kuwaambia watu waliokuwa wamepanga foleni tangu asubuhi, wengine wamefunga taya kwa kitambaa, kwamba leo basi. Mama mmoja aliniuliza kama jino lake litangoja. Nilikuwa na hasira iliyotafuta mtu wa kumwangukia.

Shangazi alikuja kwa pikipiki kesho yake. Aliweka kiganja juu ya pampu, akainusa, akaitikisa sikioni, akainuka. Haikuchukua muda wa kunywa chai.

"Ilizunguka bila maji," akasema. "Muntu hakuzima."

Sote tukamgeukia Bienvenu. Alisema alizima. Halafu akasema anafikiri alizima. Kisha akatazama viatu vyake. Shangazi alikuwa ameshaanza kupanda pikipiki, kwa sababu jambo likiisha kusemwa naye, kwake limekwisha. Jumamosi hiyo Mama Joséphine-Marie, mwenyekiti wa kamati ya parokia inayosimamia karavani, alichukua ufunguo wa jipu. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba chombo cha watu wote hakiwezi kuachiwa mtu anayesahau, na kwamba watatafuta dereva mwingine.

Kitumbua cha Bienvenu kikawa kimeingia mchanga. Siku ya tatu alitembea kutoka Kashuga mpaka nyumbani kwa Mama Joséphine-Marie, akavua kofia, akaomba radhi kwa kuiunguza pampu, akasihi wamfikirie tena mvua zikipungua. Niliposikia nilisema moyoni, afadhali amekiri. Naandika hivyo ili msomaji ajue nami nilikuwa upande gani.

Kamati ikampa shangazi kazi ya kuchagua pampu mpya. Tulikwenda pamoja Masisi-centre, kwenye duka la Papa Plamedi, ambaye anauza vipuri vya pikipiki, betri, misumari na dawa ya mba, na ambaye ana maoni kuhusu vyote. Alituwekea pampu tatu juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyekundu, ya kuoshea magari. Papa Plamedi aliisifu hadi jasho likamtoka. Nguvu, nguvu, nguvu. Alisema ikifungwa kwenye karavani maji yatafika hadi barabarani. Shangazi aliigeuza, akasoma maandishi ya pembeni akiwa amefumba jicho moja, akaniambia nimsomee Kifaransa chake kwa sauti. Nikasoma. Akatikisa kichwa. Mabomba ya karavani ni ya plastiki nyembamba, yamefungwa kwa pete ndogo; msukumo ule ungeyang'oa yote kwa siku moja, na betri yetu ingekauka kabla ya saa sita. Tena pampu kubwa kwenye bomba dogo haitulii. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, na maji yanatoka kwa kuruka-ruka.

"Mi sioshe ma-camion, Papa Plamedi," akasema. "Mi naosha kinywa ya bantu."

Ya pili ilikuwa ndogo na safi, imetolewa kwenye pampu ya mgongoni iliyovunjika. Ingetosha kabisa kwa nguvu. Shangazi aliinusa tu, akairudisha mezani kwa ncha za vidole. Ilikuwa imewahi kupitisha dawa ya viazi, na yeye anajua hakuna maji duniani yanayoisafisha hiyo ikatoka yote. Alimwambia Papa Plamedi kwamba akimuuzia mtu wa maji ya kunywa kitu kile, atamshitaki mwenyewe kwa chifu.

Ya tatu ilikuwa ya wastani, nyeusi, kichwa chake kina vyumba vitatu vyenye vilango vya mpira, inavuta yenyewe hata ikikaa juu kidogo ya tangi, na umeme inaokula ni ule ambao betri yetu inaweza kuubeba siku nzima. Alipuliza upande mmoja kwa mdomo, akaziba upande wa pili kwa kidole gumba, akasikiliza. Akauliza kichujio chake kiko wapi. Papa Plamedi akasema pampu hii haihitaji kichujio. Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja, akakunja mikono, akasema atangoja. Tulingoja mpaka kichujio kikapatikana ndani ya katoni chini ya meza, na Papa Plamedi akatusindikiza mlangoni akicheka, kwa sababu huwezi kumkasirikia mtu anayejua anachotaka.

Nilijivunia siku ile. Nilikuwa nyuma yake kwenye pikipiki, pampu mapajani mwangu, nikasema moyoni kwamba nikizeeka nataka kuwa hivi.

Tulipofika nyumbani alitandika gunia barazani. Pampu mpya ilikuwa na viungio vipana kuliko mabomba yetu, basi alitaka kuvitoa vile vya pampu ya zamani avihamishie. Pampu ya zamani ilikuwa kwenye mfuko tangu Kashuga. Hakuna aliyekuwa ameifungua. Akalegeza parafujo nne, akainua kichwa chake.

Ndani kulikuwa kweupe. Vilango vitatu vya mpira vilikuwa vimegandiana na kitako chao, vimezungukwa na chembe nyeupe ngumu, na kwenye sehemu za shaba kulikuwa na ukoko wa kijani. Mimi nilidhani ni chokaa ya maji. Shangazi aliibonyeza ile ngozi ya mpira ya katikati: laini, nzima, haina hata mkwaruzo, ilhali pampu iliyozunguka kavu huichana. Akachukua chembe moja kwa ukucha, akaiweka kwenye ulimi.

Nimemwona akionja maziwa, jibini, supu na udongo. Anaonja haraka na kusema haraka. Safari hii alikaa na ile chembe mdomoni, na uso wake ukamshuka.

"Chumvi," akasema. "Tena iko na asidi ya maziwa. Ni ya kwetu."

Hapo nikakumbuka na mimi. Mwezi mmoja kabla ya siku ile ya Kashuga, tuliporudi kutoka Mpofi, mimi mwenyewe nililalamika kwamba tangi linanuka matope ya msituni. Shangazi akasema hilo ni jambo dogo. Watu wa jibini wana dawa moja ya kila kitu, nayo ni maji ya chumvi yale ambamo jibini mpya huogelea siku mbili kabla ya kupangwa rafuni. Kwao ndiyo usafi wenyewe. Kwa hayo wanasafisha meza, visu, vidonda vya mikono, na ukiwa na koo linalowasha utapewa kikombe usukutue. Basi alileta madumu mawili kutoka kiwandani, akayamimina ndani ya tangi, akawasha pampu mpaka chumvi ikafika kwenye bomba, akaiacha humo hadi asubuhi, akasuuza mara moja, akaenda kazini. Juma hilo kilima kikaporomoka, barabara ikafungwa, na karavani ikasimama wiki tatu juani nyuma ya kanisa. Kilichobaki ndani ya pampu kilikauka na kuvifunga vile vilango. Siku nilipofungua bomba Kashuga, mota ilikuwa ikisukuma mlango uliofungwa, ikasukuma mpaka ikaungua. Swichi ya Bienvenu haikuwa na habari.

Tulikuwa wawili tu pale barazani. Na mimi, ambaye amenilea kwa adabu, nilimwambia tuitupe pampu ile chooni. Nilisema hakuna atakayeuliza. Mpya imeshanunuliwa, kliniki itafanya kazi, na Bienvenu ameshakiri, jambo limekwisha. Nilisema kwa ajili yake. Nilikuwa nikiona miaka ishirini na tisa ya jina lake imelala pale juu ya gunia, na sikutaka mtu mwingine aione.

Hakunikemea, na hilo liliniuma kuliko kukemewa. Alikaa ameshika tama, anatazama kilima ambacho nyuma yake moshi wa kiwanda ulikuwa ukipanda. Mtu asiyemjua angesema amepumzika. Mimi nilijua anapigana, na sikujua nani atashinda.

"Bienvenu hana shamba," akasema mwishoni. "Ile volant njo shamba yake. Sasa nitamwangalia Tuyizere mu macho namuna gani?"

Akafunga pampu ya zamani kwenye kitambaa cheupe cha kiwandani, chembe zake zote humo humo, akaingia ndani kupika.

Jumapili baada ya misa, kamati ilikaa kwenye baraza la parokia kama kawaida yake. Bienvenu alikuwa amesimama nje karibu na ukuta, kofia mkononi, kwa kuwa alikuwa amesikia watazungumza habari za dereva mpya na alitaka kuwa karibu. Shangazi hakungoja nafasi yake. Aliingia amevaa kitenge chake cha Pasaka, akafungua kitambaa mbele ya Mama Joséphine-Marie, akasema akiwa amesimama wima.

"Hii pompe, Bienvenu hakuiunguza. Mimi njo niliiua. Nilitia mu tangi maji ya chumvi ya fromaje, sikusukutula muzuri, chumvi ikakaukia ndani. Tena siku ya Kashuga nilisema bila kufungua. Iko makosa mbili, na zote ni zangu."

Watu wakatazamana. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea kabisa: hawakumwamini.

Mama Joséphine-Marie alimtazama kwa upole mwingi. Ni mama mnene, mtaratibu, ameongoza kamati hiyo tangu nikiwa bado shuleni. Akasema kwamba kila mtu anajua moyo wa Emérita, na kwamba mke wa Bienvenu amejifungua juzi juzi na hali yao inatia huruma. Lakini huruma ni kitu kimoja na kusema uongo mlangoni mwa kanisa ni kingine. Bienvenu mwenyewe alikuwa amekuja kukiri. Na kama Emérita angekuwa ameua pampu, si angelijua siku ile ile? Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu mama hajakosea pampu tangu azaliwe.

Nilimwona shangazi macho yamemwiva kwa hasira. Amekuja kujivunjia jina mwenyewe, na watu wamekataa kulipokea kosa lake.

"Miaka yote nikisema niko na haki, munaitika," akasema. "Leo nasema nilikosa, njo munakataa?"

Hakungoja jibu. Akabandua chembe kwenye kilango cha mpira, akaiweka kwenye kiganja cha Mama Joséphine-Marie, akamwambia aonje. Mama Joséphine-Marie alisita, akatazama huku na huku, akaipeleka mdomoni. Huyu ni mtu anayekula jibini la kiwanda kile kila Jumapili na chai, tangu utoto wake. Aliitafuna taratibu. Kisha akakunja uso, akatoa leso, akajifuta.

"Iko ya kwenu," akasema.

Kamati nzima ikaonja, mmoja baada ya mwingine, hata yule mzee, hata padri aliyepita akielekea chakula cha mchana akaulizia kunani. Sijawahi kuona mkutano wa parokia ukiendeshwa kwa ulimi namna ile. Walipomaliza, Mama Joséphine-Marie alitoa ufunguo wa jipu kwenye mkoba wake, akatoka nao mwenyewe hadi ukutani, akamwekea Bienvenu mkononi. Bienvenu aliupokea kwa mikono miwili. Shangazi akaulizwa kama bado anataka kazi ya kufunga pampu mpya au wamtafute mwingine. Akasema atakayemtafuta mwingine apite juu yake kwanza, na watu wakacheka, na nikapumua.

Jumatatu asubuhi tulikuwa watatu ndani ya karavani. Shangazi alikuwa amesuuza tangi mara sita kwa maji ya chemchemi, akionja kila mara. Alilala ubavu chini ya sinki, Bienvenu amechuchumaa kando akimpa vifaa, nami nashika taa. Shangazi alikuwa amerudia hali yake, anasema bila kupumua: kichujio kinakaa kabla ya pampu na si baada, pampu isikazwe sana isije ikatetemesha ukuta, fyuzi iwe ya kiasi chake na si kipande cha waya kama wanavyofanya wengine. Bienvenu alikuwa akiitika tu. Kisha, bila kuulizwa, akasema.

"Mama, mi nilijua nilizima. Mukono yangu ilikumbuka ile swichi. Lakini we ulisema, na we haukosaka. Nikarudia nyumbani, nikaanza kuona kama nilisahau. Kila siku nikaona zaidi. Hata Tuyizere nilimwambia nilisahau."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia aliyopita. Nami niliyeshika taa niliona aibu, maana tangu tulipoifungua pampu ya zamani nilikuwa nimewaza kwamba alikiri ili arudishiwe kazi. Kumbe hakuwa anadanganya. Alikuwa ameamini kweli.

Bisibisi ikasimama. Shangazi akajitoa chini ya sinki polepole, akakaa sakafuni mbele yake, nywele zimeingia vumbi.

"Bienvenu, unisamehe," akasema. "Haiko juu ya chumvi. Juu ya chumvi nimesema mbele ya bantu, imeisha. Unisamehe juu ulikuwa unajua kitu, nikakunyang'anya."

Bienvenu alitazama pembeni, akasugua goti lake. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na mimi pia, naona haina maana kuficha. Baadaye akasema imekwisha, Mama. Akasema maji yanangojwa Kashuga.

Zilikuwa zimebaki nyaya mbili tu, moja nyekundu na moja nyeusi, na sehemu mbili za kuzifunga. Shangazi akazishika zote mbili, akamkabidhi, akamuuliza yeye anaona kila moja inakwenda wapi. Bienvenu aliinua macho amtazame usoni, kama tulivyozoea sote, asome jibu pale kabla ya kulitoa. Shangazi akageukia dirisha, akakaa hivyo, amempa mgongo.

Bienvenu alingoja. Alipoona mgongo haugeuki, aliziinamia nyaya, akazifunga moja moja kwa mikono yake, akabonyeza swichi. Mimi nikafungua bomba, na maji yakaja.